Dondoo muhimu: Kunyonga baiskeli sebuleni kwa Zwift

Anza na kipimo cha FTP, yaani wati unazoweza kuzihimili kwa takriban saa moja. Nyonga dakika 20 kwa uwezo wako wote, kisha chukua asilimia 95 ya wastani: ukipata wati 200, FTP yako ni 190. Usijidanganye na namba kubwa. Programu ya Zwift itakupangia mazoezi kwa kuifuata FTP hiyo hiyo, na miguu ndiyo italipa.

Ukiwasha hali ya ERG, mashine inayoshikilia baiskeli hujirekebishia ugumu yenyewe ili ubaki kwenye wati zilizopangwa. Hapo ndipo wengi hukwama: ukipunguza kasi ya miguu, pedali huzidi kuwa nzito, mpaka unahisi unanyonga matopeni. Dawa yake ni kuongeza mizunguko sekunde chache kabla kipande kigumu hakijaanza, kisha kutulia kwenye 85 hadi 95 kwa dakika.

Feni si anasa. Ndani hakuna upepo wa kukupoza, na mwili ukipata joto sana wati hushuka. Tandika taulo juu ya usukani pia. Jasho la chumvi hula chuma.

Mashindano ya Watopia, ulimwengu wa kubuni ndani ya Zwift, yana utamu wake, lakini mara mbili kwa wiki yanatosha. Siku nyingine nyonga taratibu, hata kama kila mtu anakupita.