Bibi alikuwa mwalimu wa UPE, andika hivyo hivyo

*Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana. Ndiye aliyenilea, na alifundisha shule za msingi huku Masasi hadi alipostaafu. Familia imenipa kazi ya kuandaa kijitabu cha misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Niliandika kwamba alimaliza darasa la saba akawa mwalimu wa UPE. Mjomba, mtoto wake wa kwanza, ameniambia nifute, niandike tu kuwa alisoma chuo cha ualimu, maana watu watamcheka marehemu. Tena kuna baba mmoja alisimama msibani akasema bibi alimchapa sana, kisha akalia. Mjomba hataki hilo ligusiwe. Nimebaki njia panda. Rasimu yangu nimeiambatanisha.*
*Mjukuu wa Mwalimu, Masasi*

Mwanangu, poleni sana.

Usifute. Nalisema hili nikijua mjomba anaogopa nini. Watu wa umri wake wamekua wakisikia UPE ikifasiriwa "Ualimu Pasipo Elimu", na mtoto wa mwalimu ndiye aliyetupiwa maneno hayo mbele ya wenzake. Dhihaka ya utotoni haimtoki mtu kwa kuambiwa asijali.

Lakini tazama kilichotokea. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma, ikaamua watoto wote waliofikia umri wa kwenda shule wawe darasani ifikapo Novemba 1977; ndiyo UPE yenyewe, elimu ya msingi kwa wote. Awali lengo lilikuwa 1989. Miaka 12 ilikatwa kikaoni, na vyuo vya ualimu vilivyokuwepo visingeweza kamwe kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wengi wakiwa bado wadogo. Walifundisha vipindi vichache kwa siku, na muda uliobaki wakawa wanafunzi wenyewe: masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, na mwalimu mzoefu wa kuwaongoza pale pale kijijini. Baada ya kama miaka mitatu ya hali hiyo wakaenda chuoni kwa wiki chache na kufanya mtihani. Waliofuzu walizidi 35,000. Wanafunzi wa shule za msingi, ambao mwaka 1974 walikuwa kama milioni 1.2, walipita milioni 3 kufikia 1980. Mtu aliyewafundisha watoto huku akijifundisha mwenyewe, akafaulu, unamfichia nini?

Ubora wa elimu uliyumba, hilo nalo ni kweli. Madarasa yalifurika, vitabu havikutosha, watoto waliingia kwa zamu. Lakini hayo yalitokana na mpango wenyewe, na msichana aliyekabidhiwa chaki hakuulizwa. Na ukiandika kama mjomba anavyotaka, misa itajaa walimu wastaafu wanaojua ukweli wote. Hao ndio watakaocheka, na atakayechekwa ni mjomba.

Rasimu yako ndiyo iliyonisumbua zaidi. Umeorodhesha vituo vyote vya kazi na tarehe za uhamisho, halafu maradhi, halafu kifo. Ndivyo wasifu wa marehemu unavyosomwa kwetu, mtu anakuwa jalada la utumishi. Kuhusu wewe mwenyewe umeweka sentensi moja, kwamba alikupenda sana. Nani atabisha? Lakini aliyesoma hapo bado hamjui bibi yako. Andika alivyokuamsha siku ya mtihani. Andika alichosema uliporudi na sifuri ya hesabu, na kama alikusahihishia madaftari kwa kalamu nyekundu hata nyumbani. Fungua sanduku lake utafute maandalio ya masomo, barua ya kuthibitishwa kazini, vyeti. Ukikuta andalio aliloliandika kwa mkono wake, piga picha ukurasa mmoja uuchapishe mzima.

Kisha toka ukaulize. Huko kwenu kuna msimu wa korosho, na kila mwalimu wa Masasi anajua madarasa yanavyopungua watoto wakienda kuokota. Bibi alifanyaje, aliwafuata shambani au aliwaacha? Waulize pia wazee wa mtaa nani aliwafundisha kusoma. Miaka ile walimu wa shule za msingi ndio waliobebeshwa pia madarasa ya kisomo cha watu wazima, na huenda bibi yako ana wanafunzi waliomzidi umri, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza.

Yule baba aliyelia, mfuate kwake. Mjomba alisikia nusu ya kwanza tu ya maneno yake. Fimbo ilikuwa jambo la kila siku shuleni zama zile, na haikuwa ya haki kila mara, kwa hiyo usimlazimishe aseme amesamehe. Muulize angependa kusema nini juu ya mwalimu wake, uandike kwa maneno yake, na akikubali weka jina lake chini. Akikataa, mwache.

Mjomba usimjibu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nenda kwake jioni, mkae, umwombe akusimulie utoto wake. Yeye ni mtoto wa kwanza. Kama alizaliwa miaka ile, huenda alibebwa mgongoni mama yake akiandika ubaoni. Mwambie unataka ukurasa wa kwanza uwe wake, ausimulie yeye, wewe uandike. Naamini akishaanza kusimulia, suala la chuo litaisha lenyewe.

Na kijitabu kikitoka, peleka nakala moja katika kila shule aliyofundisha, umkabidhi mwalimu mkuu mkononi.