SOMO LA FAMILIA: Mtoto Anajifunza Nini Nasari, na Sisi Wazazi Tumsaidie Vipi?



Mwezi huu somo letu linahusu watoto wadogo, wale wa miaka 3 hadi 6. Ni somo la kila nyumba yenye mtoto wa umri huo, lakini hasa tunawaandikia ndugu zetu waliotoka hapa makazini wakapanga vyumba Jinja na Mbale kutafuta kazi na shule. Tulipowatembelea, karibu kila nyumba tulikutana na swali moja. Mama mmoja wa Jinja, anayeuza mukene sokoni, alilisema wazi: "Nalipa karo kwa shida, mtoto anarudi na wimbo. Jana wimbo, leo wimbo. Si afadhali akae nyumbani, nami ninunue unga?"

Swali hilo si la kuchekwa. Anayepanga mjini hujilipia mwenyewe chumba, chakula na dawa, na karo ya nasari inakuja juu ya hayo yote. Kwa hiyo tuliona vema tujifunze pamoja: nasari inafundisha nini hasa, na nyumbani kuna kazi gani ambayo mwalimu hawezi kuifanya badala yetu.

MSINGI WA NENO

Someni pamoja Kumbukumbu la Torati 6:6-7 na Luka 2:52. Katika Kumbukumbu, kazi ya kufundisha watoto imewekwa kwanza nyumbani, katika maongezi ya kila siku, mzazi akiwa amekaa au akiwa njiani. Hakuna mahali panaposema kwamba mzazi huyo lazima awe amesoma sana. Naye Luka, anapotaja kukua kwa Yesu, hasemi habari za akili peke yake; anautaja mwili pia, na uhusiano wake na Mungu na watu. Mtoto hukua pande zote kwa pamoja.

NASARI YA UGANDA IKOJE?

Nasari, au chekechea, ina madarasa matatu: bebi klasi, mido klasi na topu klasi. Mtoto akifika miaka 6 anaingia darasa la kwanza, P1.

Tuelewe pia kwa nini tunalipa. Serikali ilianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, lakini nasari haikuwamo. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliiacha nasari mikononi mwa watu binafsi, makanisa na jamii. Basi karo ya nasari si adhabu ya wakimbizi. Jirani yako Msoga au Mgisu naye analipa. Tena Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mtoto wa Uganda. Kwa hiyo aliyekosa kabisa karo ya nasari asidhani mtoto wake amefungiwa mlango. P1 inamngoja, na kabla ya hapo kuna mengi ya kufanya nyumbani, kama tutakavyoona.

MAMBO MATANO WANAYOJIFUNZA

Mwaka 2005 Uganda ilitoa mwongozo wa mafunzo kwa watoto wa miaka 3 hadi 6. Mwongozo huo una maeneo matano. Tuyapitie moja moja, na kila moja tuliwekee kazi ya nyumbani.

1. Kuishi na wengine vizuri. Mtoto anajifunza kusalimu, kungoja zamu, kugawana, kuomba msamaha. Nyumbani: mpeleke kumsalimu jirani. Watoto wetu wa Jinja wanarudi wakisema "Kodheyo", wale wa Mbale wanasema "Mulembe". Tusiwacheke. Tuitikie, nasi tujifunze. Salamu ya mtoto imefungua milango mingi ambayo sisi wakubwa tulikuwa tunaiogopa.

2. Kuyajua mazingira. Wanyama, mimea, maji, hali ya hewa, kazi za watu. Nyumbani: mnapotembea, mwonyeshe na umwulize. Wa Jinja wanaye mto Nile unaotoka ziwani. Wa Mbale wanao mlima Wanale mbele ya macho yao. Mwulize: maji yanaenda wapi? Wingu limekaa wapi leo?

3. Kujitunza. Kunawa mikono, kwenda chooni mwenyewe, kuvaa nguo, kujua hatari. Nyumbani: mwache afunge vifungo mwenyewe hata kama anachelewa. Amka mapema kidogo umpe nafasi. Mtoto wa mjini pia afundishwe jina lake kamili, jina la mzazi na mtaa anaokaa, asije akapotea sokoni.

4. Hesabu za kila siku. Kuhesabu, kupanga, kulinganisha kikubwa na kidogo, kizito na chepesi. Nyumbani: yule mama wa mukene anayo shule tayari mezani pake. Mafungu mangapi? Lipi kubwa? Tukiuza mawili yanabaki mangapi? Vizibo vya soda vilivyooshwa vinatosha kuhesabia na kupangia rangi. Viwe vya mtoto mkubwa kidogo tu, maana mdogo huvitia mdomoni.

5. Lugha. Kusikiliza, kusema, kusimulia, na polepole kutambua herufi. Hili tutalirudia hapa chini, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapojikwaa.

Sasa turudi kwenye ule wimbo. Mtoto anapoimba wimbo wa vidole kumi, anahesabu. Anaporudia maneno yanayofanana mwisho, sikio lake linajifunza kutenganisha sauti, na bila hilo kusoma kutamshinda. Anapongoja zamu yake kuingia katikati ya duara, anajifunza kujizuia. Anapofinyanga ng'ombe wa udongo, vidole vinapata nguvu ya kushika kalamu. Mwalimu anayewachezesha watoto kwa mpango yuko kazini kweli. Zaidi tumwonee mashaka yule anayewakalisha watoto wa miaka 3 kutwa nzima wakinakili herufi.

LUGHA YA NYUMBANI TUSIITUPE

Hapa tunataka kusimulia jambo tulilolikuta Mbale, kwa ruhusa ya wazazi wenyewe. Mtoto wao wa kiume, wa miaka 5, alikaa nasari mihula miwili bila kusema neno. Anakula, anacheza peke yake, haitiki. Wazazi wakafikiri ana ugonjwa, wengine wakasema ni mapepo. Mwalimu, mama wa Kigisu, akamwita mama yake.

"Mama, nyumbani mnaongea lugha gani na mtoto?"

"Kiingereza, mwalimu. Tumeacha Kibembe ili asichanganyikiwe."

"Mnamwambia nini kwa Kiingereza?"

Mama akaanza kutaja yale maneno akihesabu kwa vidole: njoo, kaa, kula, hapana. Vidole vya mkono mmoja havikwisha. Basi akanyamaza, na machozi yakamtoka. Alielewa mwenyewe kwamba nyumba yao ilikuwa imekuwa bubu. Hakuna hadithi, hakuna utani, hakuna maswali. Mtoto alikuwa hana pa kujifunzia kuongea.

Mwalimu akamwambia, "Pole, mama. Ongea naye lugha yako. Kiingereza niachie mimi."

Jioni ile baba alianza kumsimulia mwanawe habari za Fizi na ziwa Tanganyika: jinsi wavuvi wanavyotoka usiku na taa, dagaa wakafuata mwanga. Mwanzoni mtoto alisikiliza tu. Baada ya siku kadhaa akauliza, "Na taa ikizimika?" Ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa muda mrefu. Muhula uliofuata alianza kuitikia salamu darasani, halafu jina lake, halafu akaomba penseli. Bado si msemaji sana, lakini anasema.

Ndugu, nasi tunaoandika tunayo ya kutubu. Katika shule yetu ya Jumapili tumekuwa tukimpigia makofi mtoto anayetaja herufi kwa Kiingereza, na yule anayesimulia habari za Daudi kwa lugha ya mama yake tunamwambia akae. Tumewafundisha watoto kwamba lugha ya bibi yao ni aibu. Tumekosea, na tumeanza kubadilika.

Walimu waliosomea kazi hii wanajua kwamba mtoto aliyeimarika katika lugha yake ya kwanza hujifunza ya pili na ya tatu kwa urahisi zaidi. Ndiyo sababu Uganda, katika mtaala ulioanza mwaka 2007, iliagiza P1 hadi P3 kufundishwa kwa lugha ya mahali, na P4 iwe darasa la kuvukia kwenda Kiingereza. Mijini, ambako watu wamechanganyika, shule nyingi hutumia Kiingereza tangu mwanzo. Kwa hiyo mtoto wetu anaweza kukutana na Kibembe au Kifuliru nyumbani, Kiswahili kanisani, Lusoga au Lumasaba mtaani, na Kiingereza darasani. Ni nyingi, lakini hazitamwangusha kama mojawapo ina mizizi. Na mizizi ni sisi.

MTOTO ALIYEONA MABAYA

Wengine wa watoto wetu waliona mambo ambayo hata mkubwa hapaswi kuyaona, na wengine walizaliwa njiani. Mtoto anayeshtuka kwa kila kishindo, anayekojoa kitandani baada ya kuacha, anayeng'ang'ania nguo ya mama mlangoni mwa shule, asipigwe wala asiitwe mkaidi. Mwambie mwalimu kwa ufupi alipopita mtoto, ili amwelewe. Mpe ratiba isiyobadilika: kuamka, kula, shule, hadithi, sala, kulala. Na usimtoroke shuleni akiwa amegeuka. Muage, mwambie utarudi saa ngapi, kisha rudi saa ile ile. Kwa mtoto aliyepoteza watu ghafla, mama anayerudi alivyoahidi ni somo kubwa kuliko herufi zote.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Kadi ya chanjo. Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017 inataka ionyeshwe mtoto anapoandikishwa. Itunze pamoja na karatasi zako za ukimbizi. Kama ilipotea, nenda kituo cha afya mapema, usingoje siku ya kufungua shule.

- Chakula. Mtoto mwenye njaa hasikii. Uji wa asubuhi utangulie daftari jipya.

- Kiboko. Sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imekataza viboko shuleni. Ukiona alama mwilini, zungumza na mwalimu mkuu kwa heshima, lakini zungumza.

- Baba. Elimu ya mtoto mdogo si kazi ya mama peke yake. Baba aende shuleni walau mara moja kila muhula.

- Kumwuliza mwalimu. Usiulize tu, "Amekuwa wa ngapi?" Uliza: anacheza na nani? Anasema akitaka kitu? Mwezi huu nyumbani tufanye nini?

KWA ASIYE NA KARO

Tusisahau kwamba nasari zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona tangu Machi 2020 hadi Januari 2022. Karibu miaka miwili nyumbani ndipo palikuwa nasari pekee. Basi inawezekana. Wazazi wanne au watano wa mtaa mmoja wanaweza kupeana zamu: asubuhi mbili au tatu kwa wiki, chini ya mti au barazani, hadithi moja, nyimbo mbili, kuhesabu vizibo, kuchora kwa kijiti mchangani. Atakayeongoza awe mtu anayeaminika, na watoto wasiachwe peke yao.

Na yule mama wa Jinja? Tulimwambia haya, tukasali naye. Hatukumwamulia kuhusu karo. Yeye ndiye anayejua chungu chake. Alichoamua ni kumwacha mtoto amalize muhula, na jioni wahesabu mafungu ya mukene pamoja. Alituaga akisema, "Kumbe nami ni mwalimu." Ndivyo, mama. Ulikuwa mwalimu tangu alipozaliwa.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KATIKA KIKUNDI

1. Jana tulizungumza na mtoto wetu mambo gani, mbali na kumtuma na kumkanya?
2. Ni hadithi gani ya kwetu ambayo mtoto wetu bado hajaisikia?
3. Katika mtaa wetu, ni mtoto gani anayekaa nyumbani, nasi tunaweza kumsaidiaje?

SALA

Bwana, uliyewakaribisha watoto wakati wanafunzi walipowazuia, wabariki walimu wa watoto wetu. Utupe sisi wazazi uvumilivu wa kusikiliza na maneno ya kusimulia, hata jioni tuliyochoka. Uwalinde wadogo hawa mpaka siku tutakapokaa kwa amani. Amina.