Tumbo Linauma, Lakini Wapi?



Kila asubuhi katika chumba cha wagonjwa wa nje nauliza swali lile lile: "Unaumwa wapi?" Jibu, liwe la mtoto au la mtu mzima, mara nyingi ni neno moja: "Tumbo." Nikisema, "Nionyeshe kwa kidole kimoja," mkono mzima unazunguka kuanzia kifuani hadi kiunoni. Lugha yetu nayo inatuchanganya kidogo. Neno tumbo twalitumia kwa mfuko wa chakula, kwa sehemu yote iliyo chini ya mbavu, na hata kwa mahali mama anapobeba mtoto. Anayetaka kutapika husema moyo unamchafuka, na moyo wenyewe haumo kabisa katika jambo hilo.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, nilimpokea mvulana wa darasa la nne. Mama yake alisema tumbo linamuuma tangu juzi. Nami nikaandika "tumbo" kwenye cheti, nisiulize zaidi. Nyumbani walikuwa wamempa haluli wakidhani ni minyoo. Daktari alipombonyeza chini upande wa kulia mtoto alipiga kelele. Kidole tumbo kilikuwa kimekwisha pasuka. Alipona, lakini baada ya upasuaji na siku nyingi za kulala wodini. Mtoto yule alijua kusoma na kuhesabu vizuri, ila hakuna aliyemfundisha kusema, "Maumivu yalianzia kitovuni, sasa yako hapa." Nami sikumwuliza.

Kwa hiyo mwalimu mmoja aliponiomba niwafundishe watoto wa darasa la tano juu ya mwili, nilikubali mara moja. Siku ya kwanza nilitundika picha ukutani, wakasinzia. Siku ya pili tulicheza msako, na hakuna aliyesinzia tena.

Mchezo wenyewe hauna gharama. Mtoto mmoja alale chali sakafuni, mwenzake apitishe chaki kumzunguka, mpaka apate mchoro wa mtu mzima. Kata kadi kutoka kwenye maboksi ya zamani. Usiandike jina la kiungo, andika kitendawili. "Nina ukubwa wa ngumi yako, nami sipumziki hata ukilala": huo ni moyo. "Tuko wawili nyuma yako, twachuja damu usiku na mchana": figo, na kadi hiyo naificha ndani ya chujio la chai. "Sisi ni ndugu wawili, wa kulia ana sehemu tatu, wa kushoto mbili, maana amempisha jirani": mapafu, na jirani ni moyo. Kwa utumbo mwembamba naficha kamba ya mita 6, kwa kuwa ndio urefu wake kwa mtu mzima, hapo ama watoto wacheke ama wakatae kuamini. Ficha kadi nyuma ya ubao, chini ya madawati, dirishani. Darasa likiwa kubwa, gawa makundi, kila kundi na rangi yake, la sivyo utaumwa kichwa wewe.

Sheria ni moja tu, lakini usiilegeze. Kadi haiwekwi kwenye mchoro mpaka aliyeipata ajishike mahali hapo katika mwili wake mwenyewe.

Hapo ndipo makosa yanapojitokeza. Karibu wote huweka moyo mbali sana upande wa kushoto. Moyo uko katikati ya kifua, kati ya mapafu, ncha yake ikielekea kushoto. Figo huwekwa nyongani, kumbe ziko juu zaidi, mgongoni, zikifichwa kwa sehemu na mbavu za mwisho. Mfuko wa chakula huwekwa kitovuni, kumbe uko juu yake, kushoto, chini ya mbavu. Ini, ambalo kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, liko kulia. Wengu, ambalo wengine huliita bandama, liko kushoto. Malaria huweza kulivimbisha, ndiyo sababu daktari humpapasa mtoto chini ya mbavu za upande huo.

Viungo vikikaa mahali pake, mwambie mtoto afuate tonge la ugali: kinywani, kwenye umio, mfuko wa chakula, utumbo mwembamba, ambamo nyongo kutoka ini na maji ya kongosho huingia kusaidia kusaga, kisha utumbo mpana. Huo ndio mfumo wa chakula, na ameujua kwa miguu yake. Afuate na pumzi vivyo hivyo.

Wazazi wengine huniuliza kama kuna kadi ya mfuko wa uzazi. Iko: "Mimi ni nyumba yako ya kwanza." Sioni sababu ya binti wa miaka 11 kudhani kwamba mtoto hukaa pamoja na ugali. Tena mtoto asiye na jina la sehemu fulani ya mwili wake atamwelezaje mama kwamba inamuuma, au kwamba kuna mtu ameigusa?

Nyumbani, siku mnapochinja mbuzi, msiwafukuze watoto. Ini, figo, moyo na mapafu wayaone kabla hayajaingia sufuriani. Pampu ya baiskeli iliyooshwa ikitiwa kwenye koo la hewa, mapafu yatavimba mbele ya macho yao. Waelezeni tu kwamba mbuzi ana tumbo la vyumba vinne kwa sababu hucheua, na kwamba sisi hatuna firigisi kama kuku, ndiyo maana twahitaji kutafuna. Kisha wote wanawe kwa sabuni.

Kadi ya mwisho ni ndogo kuliko zote, nami huificha pagumu: "Nina jina la kidole lakini siko mkononi." Anayeipata hujishika chini, upande wa kulia. Basi baba na mama, nanyi mjishike hapo. Maumivu yakianza kitovuni kisha yakahamia upande huo, mtoto akakataa chakula, akatapika, akapata homa au akatembea ameinama, msimpe haluli wala dawa ya mitishamba, wala msimlazimishe kula. Mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Kwa watoto wadogo sana maumivu hayafuati njia hiyo kila mara, kwa hiyo tumbo likiuma mfululizo kwa saa kadhaa, msingoje kuona yanahamia wapi.