Mwalimu Aliyeweka Chaki Chini

Watoto wa Olasiti waendao mjini Arusha wameuona Mnara wa Azimio. Ukumbusho ule umejengwa kwa ajili ya Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mtu aliyeliongoza jambo lile alikuwa Rais wa nchi nzima, wala hapakuwa na cheo kilichopita chake. Hata hivyo watu hawakumwita kwa cheo hicho. Walimwita Mwalimu, na jina hilo likamkaa mpaka kufa kwake. Katika somo hili tutajifunza kwa nini.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano wa chifu huyo. Mtoto huyu alichunga mifugo kama watoto wengine wa kijiji, na hakuingia shule mpaka alipotimiza miaka 12. Mwaka 1934 akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Wenzake wengi walikuwa wamemtangulia, lakini kuchelewa hakukumzuia. Mwaka 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere, Uganda, kujifunza kazi ya ualimu.

Alipotoka Makerere alianza kufundisha katika shule ya misioni ya St. Mary's, Tabora, mwaka 1946. Kisha, mwaka 1949, akasafiri kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Scotland, naye akarudi mwaka 1952 akiwa na shahada. Siku zile Watanganyika waliopata elimu ya namna hiyo walikuwa wachache mno. Angaliweza kuitumia kujitafutia makuu. Yeye akarudi darasani, akafundisha Pugu, nje ya Dar es Salaam.

Lakini nchi ilikuwa haijatulia, na hasa huku kwetu mlimani Meru. Mwezi Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba ziliharibiwa, na watu wakaondolewa pamoja na mifugo yao. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akayaeleza mashaka yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Wala hawakurudishiwa ardhi yao wakati ule. Lakini watu wa Tanganyika waliona kwamba mtu wa kijijini aweza kusimama mbele ya mataifa akasikilizwa.

Basi, mwaka 1953, mwalimu wa Pugu alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Waafrika, yaani T.A.A. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU, na shabaha yake ikawa kujitawala. Mwezi Machi 1955 naye akaenda New York kwa nauli iliyopatikana kwa michango. Akaomba itamkwe wazi kwamba serikali ya Tanganyika itakuwa mikononi mwa Waafrika wenyewe.

Aliporudi alikuta neno gumu likimngojea: achague moja, ama shule ama siasa. Fikirini jambo hili kwa makini. Alikuwa na mke na watoto wadogo. Ualimu ulimpa nyumba na mshahara wa kila mwezi. Chama hakikuwa na fedha, na serikali ilikitazama kwa jicho la mashaka. Tena kazi ya kufundisha aliipenda. Hata uzeeni alizoea kusema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, bali siasa ilimjia tu. Pamoja na hayo, mwaka uleule wa 1955, aliandika barua ya kujiuzulu, akaiweka chaki chini. Akarudi kwao, na kwa muda akajipatia riziki kwa kumfundisha padre mmoja wa Kimarekani lugha ya Kizanaki. Kisha akaenda Dar es Salaam kufanya kazi ya chama.

Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, bila vita. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mtu huyu aliiacha shule, lakini hakuuacha ualimu. Mwezi Januari 1962 aliacha uwaziri mkuu, akazunguka vijijini kuwafundisha watu maana ya uhuru na kazi yake. Mwisho wa mwaka huo akachaguliwa kuwa Rais. Aliandika vitabu, tena akaifasiri michezo miwili ya Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, ili ionekane kwamba Kiswahili chaweza kubeba mawazo mazito.

Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam. Serikali ilikuwa imewaagiza walitumikie taifa miaka miwili baada ya masomo, tena kwa malipo yaliyopunguzwa. Rais akakasirika, akawarudisha mamia makwao. Lakini hakuishia hapo. Aliona kwamba haifai kuwaambia vijana wajinyime ilhali wakubwa wanashiba, kwa hiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu moja katika tano. Miezi michache baadaye viongozi wa TANU walikutana hapa Arusha, na katika Azimio walilotoa wakakatazwa kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha.

Mwezi Machi 1967 akaandika kitabu kidogo, Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake aliuliza swali liwahusulo ninyi mnaosoma ukurasa huu: je, shule humfundisha mtoto kuwatumikia watu wake, au humfundisha kuwakimbia na kuwadharau? Aliona kwamba wengi waliomaliza shule za msingi hawakupata nafasi ya kuendelea, nao wakajihesabu kuwa wameshindwa. Kwa hiyo alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, na jembe liheshimiwe pamoja na kalamu. Watu wazima nao wakarudi darasani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu yao. Wazee wengi waliozoea kutia sahihi kwa kidole gumba wakajua kuandika majina yao.

Si haki kusimulia mema tu. Hapo mwanzo alisema kwamba watu washawishiwe kuishi pamoja katika vijiji vya ujamaa, wala wasilazimishwe. Lakini kati ya 1973 na 1976 mamilioni walihamishwa, wengi kwa nguvu, na mahali pengine nyumba zao zilichomwa moto. Watu wa Engare Nanyuki wangeweza kuwaambia wakubwa jinsi uchungu huo ulivyo. Baadaye nchi ikapata uhaba wa vyakula na bidhaa. Mtu mkubwa apaswa kuheshimiwa kwa kusemwa kweli. Sifa za uongo humpunguzia heshima.

Mwaka 1985 aliuacha urais kwa hiari yake, jambo lililokuwa adimu katika Afrika ya siku zile, akarudi kulima Butiama. Katika uzee wake aliitwa kuwapatanisha Warundi waliokuwa wakipigana, akakaa nao mezani hapa Arusha. Hakuuona mwisho wa kazi hiyo, kwa maana alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela akaipokea, na mapatano yakatiwa sahihi mjini petu tarehe 28 Agosti 2000.

Sasa mwajua kwa nini aliitwa Mwalimu. Hakuitwa hivyo kwa sababu alisimama mbele ya ubao miaka mingi, maana haikuwa mingi. Aliitwa hivyo kwa kuwa alipopata elimu aliihesabu kuwa ni deni kwa watu waliomchangia. Ninyi nanyi, wako wanaouza ndizi na maziwa ili mpate daftari. Deni lenu limekwisha kuanza.

MASWALI

1. Kwa nini watu walimwita Nyerere Mwalimu hata alipokuwa Rais?
2. Wameru wa Engare Nanyuki walipatwa na nini mwaka 1951? Walidai haki yao kwa njia gani?
3. Mwaka 1955 Nyerere alitakiwa achague nini? Angepoteza nini kwa kila upande?
4. Alifanya nini juu ya mshahara wake mwaka 1966, na kwa sababu gani?
5. Mwulize mzee mmoja wa kwenu jinsi alivyojifunza kusoma, kisha andika habari zake katika mistari kumi.