Anzia Kwenye Kutua: Kuchagua Bawa la Ndege ya Kujiundia

Kabla hujashika penseli kuchora bawa la ndege unayotaka kujiundia, amua jambo moja: unataka itue kwa kasi gani? Wengi huanzia upande wa pili. Wanawazia itakavyokimbia angani, wanachora bawa fupi na jembamba, na ndege ikikamilika inadai rubani hodari na uwanja mrefu, vitu ambavyo hawana.

Kila bawa lina kasi ambayo chini yake hewa huacha kuufuata mgongo wake. Nguvu ya kunyanyua hukatika na ndege huzama. Marubani huiita stoli. Injini ikikuzimikia juu ya shamba la mahindi, kasi hiyo ndiyo itakayoamua kama utatoka kwa miguu yako au utatolewa, kwa sababu kasi ikiongezeka mara mbili, kishindo huongezeka mara nne.

Hesabu yake haitishi. Tuseme ndege, mafuta na watu vyote ni kilo 450, na bawa lina flapi za kawaida, yaani vibao vya ukingo wa nyuma vinavyoteremshwa wakati wa kutua. Ukitaka stoli iwe karibu kilomita 72 kwa saa, usawa wa bahari, utahitaji bawa la mita za mraba 12 hivi. Lipunguze hadi 9 na stoli inapanda hadi 83. Na kama unarukia Nairobi, kwenye mita 1,690 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi: bawa lile la mita za mraba 12 litafikia stoli kwenye kilomita 78, hata kama kipima kasi bado kinasoma 72. Magurudumu yataijua tofauti hiyo. Kwa hiyo mtu wa nyanda za juu aongeze eneo la bawa, asione haya.

Ukishapata eneo, chagua umbo. Mimi nasema mstatili, upana uleule kutoka shinani hadi nchani. Bawa lililochongoka ni jepesi kidogo na linapendeza, lakini fikiria kazi iliyopo kwenye meza ya fundi. Ubavu wa bawa la mbao unaundwa hivi: unachora umbo kwenye ubao, unapigilia vibao vidogo kuufuata mchoro, unakunja vijiti vya mbao nyembamba katikati yake, unapaka gundi, kisha unafunika kila kiungo kwa kipande cha plaiwudi nyembamba. Kesho yake unauchomoa na kuanza mwingine. Bawa la mstatili lenye mbavu 24 linahitaji ubao mmoja tu. Bawa lililochongoka kila upande linahitaji mbao 12, na kila mchoro ni nafasi mpya ya kukosea.

Faida nyingine ni ya usalama. Bawa la mstatili huanza kufikia stoli karibu na shina, huku sehemu za nchani, zenye eileroni za kuilaza ndege kushoto na kulia, zikiendelea kutii. Bawa lililochongoka sana huweza kuanzia nchani, na ndege ikapinduka ubavu ghafla. Wala usidhani mstatili ni wa ndege za polepole. Ndege za RV za Richard VanGrunsven wa Marekani nyingi zina bawa la namna hiyo. Zaidi ya 10,000 zimeundwa na wenyewe zikaruka, na baadhi hupita kilomita 300 kwa saa.

Umbo la mkato, yaani lile unaloliona ukilikata bawa kama mkate, chukua lililozoeleka. Clark Y, la mwaka 1922, lina tumbo bapa kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ubavu unalala mezani na kosa linaonekana kwa jicho. Maumbo yanayotaka hewa iteleze bila kuvurugika hudai uso laini mno, na kitambaa kilichovutwa juu ya mbavu hakikupi ulaini huo. Mbunifu wa ndege Burt Rutan alikutana na tatizo la jamii hii kwenye ndege zake za VariEze na Long-EZ: umbo la bawa dogo la mbele lilipoteza nguvu likilowa mvua, pua ikashuka, rubani akalazimika kuvuta usukani. Mbunifu mwenzake, John Roncz, alilitengenezea bawa hilo umbo jingine lisilosumbuliwa na mvua. Hao walikuwa mabingwa. Wewe nunua ramani ya ndege iliyokwisha kuruka, uifuate, na uonane na mamlaka ya usafiri wa anga kabla hujakata mbao.

Mwisho, bawa likikamilika, lijaribu kwa kulipakia mzigo. Kwa ndege ya kilo 450 inayoundwa kustahimili mara 3.8 ya uzito wake, mabawa yanatakiwa kubeba hadi kilo 1,710. Hupinduliwa juu chini, yakapangiwa mifuko ya mchanga kwa uzani uliotajwa kwenye ramani. Pima urefu wa ncha kutoka sakafuni kabla ya kupakia na baada ya kupakua. Isiporudi pale ilipokuwa, bawa hilo lisifungwe kwenye ndege.