SOMO LA KIKUNDI: TOPE LA ZIWA LINAKUMBUKA NJAA

Somo letu la mara hii linaanza na ubishi.

Baada ya mavuno nilialikwa na mwethya mmoja huku kwetu Machakos. Walikuwa na magunia 30 ya mahindi na mbaazi katika stoo ya kikundi. Vijana walitaka yauzwe yote, zinunuliwe hema na viti vya kukodisha. Mama mmoja mzee akasimama akasema, "Wanangu, mnauza chakula kwa sababu hamjaiona yua." Kijana mmoja akamjibu kwa heshima, lakini kwa mkazo: "Susu, hizo ni hadithi za kale. Nani alipima?"

Watu wote wakanigeukia mimi. Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na kumbe kuna watu waliopima! Hebu tuone walipima namna gani.

1. Kalenda yetu wenyewe

Sisi Wakamba huzipa njaa majina. Wazee walituachia jina la Ngomanisye, yaani ile iliyoenea kila mahali, ya mwisho wa miaka ya 1890. Mama zetu walituachia Nikw'a Ngwete, ya mwaka wa 1984: ninakufa na pesa ninazo mkononi. Pesa zilikuwepo, chakula cha kununua hakikuwepo. Jina hilo peke yake ni somo zima.

Lakini kumbukumbu ya mdomo ina mwisho wake. Ukimwuliza mzee kuhusu miaka 300 iliyopita, atakuambia tu, "ilikuwa zamani sana." Hapo ndipo sayansi inapotusaidia.

2. Saa iliyo ndani ya kila kilichokuwa hai

Mionzi kutoka anga za juu hugonga hewa na kutengeneza aina ya kaboni inayoitwa kaboni 14. Mimea huivuta pamoja na hewa. Mbuzi anakula majani, nasi tunakula mbuzi. Kwa hiyo kila kilicho hai kina kaboni hiyo kidogo. Kikifa, hakipati nyingine, na ile iliyomo huanza kupungua kwa mwendo usiobadilika.

Fikiria debe lenye vikombe 64 vya mahindi, ambalo halijazwi tena. Baada ya muda fulani vinabaki 32. Muda ule ule ukipita tena vinabaki 16, halafu 8. Ukijua debe lilianza na vikombe 64, na leo ukakuta 16, si utajua limekaa muda gani? Kwa kaboni 14, muda wa kupungua nusu ni miaka 5,730. Baada ya miaka kama 50,000 kilichobaki ni kidogo mno, hakipimiki vizuri.

Aliyegundua njia hii ni Willard Libby wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Aliijaribu kwanza kwa vitu ambavyo umri wake ulijulikana, kama mbao kutoka kaburi la mfalme Zoser wa Misri. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1949, na mwaka wa 1960 Libby alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

3. Tope la Naivasha

Sasa tuje nyumbani. Dirk Verschuren ni mwanasayansi Mbelgiji wa Chuo Kikuu cha Ghent. Kwa zaidi ya miaka 30 kazi yake imekuwa kusoma tope la maziwa ya Afrika Mashariki. Labda utacheka: mtu mzima anasomea tope! Lakini ngoja kwanza.

Kila mwaka uchafu, majani na vijidudu vilivyokufa hushuka chini ya ziwa na kulala juu ya vile vya mwaka uliotangulia. Ukizamisha bomba refu na kulitoa likiwa na tope ndani yake, tope la juu ni la juzi na la chini ni la kale. Ni kama magunia yaliyopangwa stoo: la kwanza kuingia liko chini.

Verschuren na wenzake walitoa tope kutoka sehemu yenye kina kirefu ya Ziwa Naivasha. Ndani yake walitafuta maganda ya mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, na mabaki ya wadudu wanaofanana na mbu. Viumbe hawa huchagua maji. Wako wanaopenda maji matamu, na wako wanaostahimili chumvi. Mvua ikikosa, ziwa hushuka na chumvi huzidi, na wakazi wake hubadilika. Kwa hiyo vijidudu hivyo ni mashahidi wa mvua.

Umri wa tope ulipimwa kwa kaboni 14. Hapa kuna shida moja: maji ya ziwa yanaweza kuwa na kaboni ya zamani, nayo hufanya tope lionekane zee kuliko lilivyo. Ndiyo sababu hawakutegemea kipimo kimoja. Tope la juu walilipima pia kwa aina ya risasi yenye mionzi, ambayo hupungua nusu kila miaka 22 hivi. Kama mweka hazina wetu, walilinganisha vitabu viwili.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2000 katika jarida la Nature. Yalisema hivi:
- Kati ya mwaka wa 1000 na 1270 hivi, nchi hii ilikuwa kavu kuliko leo.
- Kuanzia 1270 hadi 1850 mvua ilikuwa nzuri kwa jumla, lakini ilikatizwa na vipindi vitatu vya ukame: 1380–1420, 1560–1620 na 1760–1840.
- Vipindi hivyo vitatu vilikuwa vikali kuliko ukame wowote uliorekodiwa katika karne ya 20.

Tena waliona kwamba vipindi hivyo vinalingana na masimulizi ya wazee wa Afrika Mashariki kuhusu njaa, vita na watu kuhama. Basi yule susu hakuwa anasimulia ngano.

4. Mistari ya Ziwa Challa

Karibu na Taveta, chini ya Kilimanjaro, kuna Ziwa Challa, nusu Kenya na nusu Tanzania. Huko tope lina mistari: mweupe wa wakati wa kiangazi na upepo, na mweusi wa wakati wa mvua. Kiangazi kikiwa kikali chenye upepo mwingi, mstari mweupe huwa mnene. Kundi la watafiti, Verschuren akiwemo, lilipata hapo historia ya miaka 25,000. Vipimo vya kaboni 14 vilivyofanywa ni zaidi ya 100. Mwaka wa 2016 walichimba zaidi ya mita 200 ndani ya tope, wakafikia miaka kama 250,000. Huko chini kaboni 14 haifiki, inabidi kutumia njia nyingine.

Utafiti uliotolewa mwaka wa 2011 ulionyesha jambo la kutuhusu. Miaka 20,000 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa na baridi kali, mvua ya huku ilikuwa kidogo lakini haikuyumba sana. Dunia ilipopata joto, mvua iliongezeka, na kuyumba nako kukaongezeka. Na sisi tumeona kwa macho yetu: misimu mitano mfululizo ilikosa mvua kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, halafu mwaka wa 2024 tukapata mafuriko.

5. Tunajifunza nini?

Tope halitabiri. Haliwezi kukuambia kama Novemba ijayo itanyesha. Pia halitaji mwaka kamili, linataja kipindi. Lakini linatuambia jambo moja wazi: msimu mzuri si ahadi. Ukame wa miaka mingi mfululizo umewahi kutokea hapa, na unaweza kutokea tena. Kwa hiyo matuta ya fanya juu, mabwawa ya mchanga, mtama, pojo na stoo si mambo ya kungojea mwaka mbaya. Hufanywa mwaka mzuri, watu wakiwa na nguvu.

Nilirudi kwa ule mwethya na habari hizi. Walibishana tena, mpaka jua likashuka. Mwishowe walikubaliana kuuza magunia 18, na 12 yasiguswe mpaka mvua ya vuli ionekane. Hema itanunuliwa, viti vitangoja. Yule kijana aliyeuliza "nani alipima?" sasa ndiye anayeandika kiasi cha mvua katika daftari la kikundi. Swali lake lilikuwa zuri.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika kijiji chenu, wazee wanakumbuka njaa zipi kwa majina? Ziandikeni pamoja na miaka.
2. Chakula kilichoko sasa katika stoo yenu kinaweza kulisha wanachama kwa miezi mingapi?
3. Mvua ikikosa misimu miwili, ni kitu gani mtaanza kuuza, na kitu gani hamtauza kamwe?
4. Ni nani katika kikundi atakayeweka daftari la mvua, kuanzia msimu huu?