Usingizi ni Mapumziko ya Moyo

Kila mkulima wa Sotik, Litein au Mogogosiek ajua kwamba mchai uliochumwa leo huachwa siku 7 mpaka 14 kabla ya kuchumwa tena. Ukichumwa kila siku, utadhoofika. Moyo wa mtu nao wahitaji mapumziko.

Moyo hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika, yaani mara 100,000 na zaidi kwa siku. Hausimami kamwe, lakini mtu akilala vizuri hupiga polepole, na nguvu ya damu katika mishipa hushuka sehemu 10 hata 20 katika kila 100. Asiyelala vya kutosha huunyima moyo nafuu hiyo. Miaka ikipita, shinikizo la damu laweza kupanda na kuharibu mishipa. Mwisho wake huenda ukawa kupooza, au moyo kushindwa na kazi. Mwaka 2022 chama cha American Heart Association kiliongeza usingizi katika mambo 8 ya kulinda moyo. Mtu mzima apate saa 7 mpaka 9 kila usiku.

Mkulima atasema: "Ng'ombe hukamwa alfajiri, na lori la majani limechelewa mpaka usiku." Ni kweli. Basi fanyeni hivi:

1. Watu wa nyumba moja wapokezane zamu kituoni na zizini. Asikeshe yule yule kila mara.

2. Kikombe cha mwisho cha chai kinywewe alasiri. Chai ina kafeini ifukuzayo usingizi, na baada ya muda wa saa 5 hivi nusu yake ingali mwilini.

3. Lala na kuamka kwa saa zile zile. Usitegemee pombe, huleta usingizi upesi, kisha huukatakata.

4. Baridi ikizidi, ongeza blanketi. Usilale na jiko la makaa chumbani. Hewa yake ya sumu haionekani, nayo huua.

Mtu akoromaye sana na kukatika pumzi usingizini aende kwa daktari. Tena, shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Pimeni katika zahanati. Likionekana 140 kwa 90 au zaidi kila lipimwapo, fuateni matibabu. Usingizi husaidia dawa, lakini hauchukui mahali pake.

MASWALI
Nguvu ya damu hufanyaje mtu alalapo?
Kwa nini chai ya usiku haifai?
Nyumbani kwako, ni nani akeshaye zaidi, na nani aweza kumpokea?